Kuuza Nyumba Yenye Deni la Benki Kabla ya Mnada: Mwongozo Kamili wa Kujadiliana na Benki Nchini Kenya

Notisi ya benki ikifika, wengi huandika barua ya kuomba huruma: biashara imeanguka, mtoto yuko chuo, tafadhali tupeni muda. Barua haijibiwi. Wanaandika nyingine. Miezi inakwisha, na siku moja dalali anabandika tangazo getini.

Afisa anayeshika faili lako hana mamlaka ya kukubali huruma. Anachoweza ni kupeleka kwa wakubwa wake pendekezo lenye bei, mnunuzi, tarehe na hesabu. Mwongozo huu unakusaidia kuandaa pendekezo hilo na kulisukuma hadi rehani ifutwe.

Makubaliano tunayoyatafuta ni haya: unatafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei ya soko, benki inakubali kuondoa rehani hata kama bei hiyo haitoshi kumaliza deni, na kinachobaki kinapangiwa njia kwa maandishi. Huenda kikasamehewa, kikalipwa polepole, au kikagawanywa kati ya hayo mawili. Benki hailazimiki kukubali. Hukubali inapoona itapata zaidi kupitia kwako kuliko kupitia kwa dalali.

Kama bado una kipato cha kulipa, omba kwanza mkopo upangwe upya. Kama hukutia sahihi hati ya rehani, au nyumba ni ya ndoa na mwenzi wako hakutoa idhini ilipowekwa rehani, hilo ni suala la mahakama. Muone wakili kabla ya kuandikia benki lolote. Na kama nyundo ya dalali imeshaanguka, muda wa njia hii umepita. Haki ya kukomboa nyumba hukoma hapo, na mara nyingi kinachobaki ni kuidai benki fidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya hivi vyote kwenye faili moja. Usipige simu benki kabla hujavipata, maana swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa la karatasi.

- Barua ya mkopo uliyotia sahihi na nakala ya hati ya rehani.
- Nakala ya hatimiliki, pamoja na matokeo ya utafutaji rasmi wa umiliki yaliyo mapya. Kwa ardhi iliyoingizwa kwenye mfumo wa Ardhisasa, ombi hufanywa mtandaoni.
- Notisi zote ulizopokea, na bahasha zake kama unazo. Tarehe uliyoipokea notisi ni muhimu kuliko tarehe iliyoandikwa juu yake.
- Taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza, si ya miezi 6 iliyopita.
- Ushahidi wa hali yako: barua ya kuachishwa kazi, taarifa za benki, hati za hospitali, chochote kinachoonyesha kwa nini huwezi kuendelea kulipa.
- Hesabu ya ada za ardhi unazodaiwa na kaunti, kodi ya ardhi ya serikali kama hatimiliki ni ya kukodishwa, na malipo ya huduma kama ni fleti.
- Kitambulisho na PIN ya KRA, yako na ya mwenzi wako.
- Wakili wako mwenyewe. Wakili wa benki anailinda benki, hata akiwa mpole kiasi gani.

## Hatua ya 1: Jua uko wapi kwenye ratiba ya sheria

Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka ngazi. Ukikosa kulipa na hali hiyo ikaendelea mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi chini ya kifungu cha 90. Notisi hiyo inapaswa kueleza umekosa nini na ulipe kiasi gani ili urudi sawa, na ikupe muda usiopungua miezi 3.

Miezi hiyo ikipita, inafuata notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, yenye siku zisizopungua 40. Nakala yake inapaswa kumfikia pia mwenzi wako na wadhamini wako.

Kisha anakuja dalali. Chini ya Kanuni za Madalali za 1997, anapaswa kukupa siku zisizopungua 45 za kuikomboa nyumba, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ngazi hizi zikifuatana, jumla yake ni zaidi kidogo ya miezi 6.

Fanya mazungumzo ndani ya ile miezi 3 ya mwanzo. Kumpata mnunuzi huchukua wiki kadhaa, na mkataba wa kawaida wa kuuza nyumba hapa Kenya huwapa watu siku 90 za kukamilisha. Ukianza baada ya dalali kupewa kazi, gharama zake zinaingia kwenye deni lako hata mnada ukiahirishwa, na wanunuzi nao wanashusha bei kwa sababu wameona jina la mtaa wako gazetini.

Onyo. Kuzungumza na benki hakusimamishi siku kuhesabika. Afisa anaweza kukukaribisha chai leo, na kesho notisi ya siku 40 ikatumwa kutoka ofisi nyingine. Kinachosimamisha ni barua ya benki inayosema wazi kuwa hatua za kuuza zimesitishwa hadi tarehe fulani. Pia, usitegemee kusimamisha mnada kwa kubishania tu kiasi cha deni. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kuwa ubishi wa hesabu peke yake hauizuii benki kuuza.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye tarehe ya kila notisi, tarehe muda wake unapoisha, na tarehe ya mapema zaidi ambayo mnada unaweza kufanyika. Bandika karatasi hiyo mahali unapoiona kila siku.

## Hatua ya 2: Pata hesabu ya deni na uikague

Iandikie benki uombe mambo matatu: jumla ya deni hadi tarehe unayoitaja, mchanganuo wake (deni la msingi, riba, adhabu, gharama), na kiasi cha riba kinachoongezeka kila siku. Hilo la tatu wengi hulisahau, kisha siku ya kukamilisha mauzo wanakuta hesabu imepanda na mnunuzi amechoka kusubiri.

Omba pia orodha ya madeni yako mengine yote katika benki hiyo. Hati nyingi za rehani zimeandikwa hivi kwamba nyumba inadhamini kila unachodaiwa na benki: mkopo wa gari, kadi, hata deni la kampuni uliyoidhamini. Usipoligundua hili sasa, utauza nyumba, utalipa ulichodhani ndicho deni lote, kisha benki itakataa kufuta rehani kwa sababu ya mkopo wa gari.

Ukiwa na mchanganuo, kagua mambo mawili.

La kwanza ni kikomo cha riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kuwa mkopo ukishaacha kulipika, riba ambayo benki inaweza kudai kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipoacha kulipika. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa umefika hapo ukipitisha siku 90 bila malipo. Kwa hiyo kama siku hiyo msingi ulikuwa milioni 5, riba ya baadaye haiwezi kuvuka milioni 5. Kwa deni la miaka mingi, kifungu hiki kinaweza kukata sehemu kubwa ya kile unachodaiwa.

La pili ni mabadiliko ya riba. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi kinataka upewe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla kiwango cha riba ya rehani hakijabadilishwa. Tafuta kwenye faili lako kama uliipata.

Ukikuta kosa, liandike kwa utulivu, kwa tarehe na kiasi. Usilifanye vita. Litakufaa zaidi kwenye hatua ya 7, pale utakapoomba adhabu zipunguzwe.

## Hatua ya 3: Pata thamani ya nyumba

Tumia mthamini aliyesajiliwa, na ikiwezekana achaguliwe kutoka orodha ambayo benki yako huikubali. Ripoti nzuri ya mthamini asiyetambuliwa na benki ni pesa uliyotupa, kwa sababu benki itaagiza nyingine kwa gharama yako.

Ripoti itakuwa na namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo mara nyingi huwa kama robo tatu ya ile ya kwanza. Benki inazijua zote mbili. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka itafute bei bora inayopatikana, na ikiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, itachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Ndiyo maana bei za minada huzungukia hapo kwenye robo tatu, na ndiyo maana wewe mwenye mnunuzi wa bei ya juu kuliko hiyo una neno la kusema.

## Hatua ya 4: Andaa hesabu ya ukurasa mmoja

Ukurasa huu ndio utakaosomwa kwenye kamati ya mikopo. Wanakamati hawatasoma maelezo ya maisha yako. Watatazama namba mbili za mwisho. Tuchukue mfano wa nyumba yenye thamani ya soko ya shilingi 8,500,000 na deni la 9,200,000.

Benki ikienda mnadani:

- Bei kwa thamani ya kuuza haraka: 6,375,000
- Toa ada za kaunti zilizolimbikizwa: 95,000
- Toa dalali, matangazo, wakili wa benki: 400,000
- Benki inapata: 5,880,000
- Deni linalobaki: 3,320,000

Ukiuza mwenyewe kwa 8,000,000:

- Toa ada za kaunti: 95,000
- Toa wakala, asilimia 2: 160,000
- Toa wakili wa muuzaji: 120,000
- Benki inapata: 7,625,000
- Deni linalobaki: 1,575,000

Tofauti ni shilingi 1,745,000 kwa faida ya benki. Hapo ndipo penye hoja yako yote, na haihitaji kupambwa.

Usisahau kodi. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, na anayelipa ni muuzaji. Kama umeishi mwenyewe katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza, umesamehewa, lakini bado utapitia iTax kuuomba msamaha huo. Kama ni nyumba ya kupangisha, kodi inaweza kukudai hata pale ambapo hutabaki na shilingi moja, kwa kuwa KRA inatazama faida kati ya bei ya kununua na ya kuuza, haitazami deni. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo ili benki ikubali itolewe kwenye bei. Watu wengi mauzo yao hukwama hapa: benki inataka pesa yote, KRA inataka yake, na muuzaji hana kitu mfukoni.

Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ni wa mnunuzi. Usiuingize kwenye hesabu yako.

## Hatua ya 5: Mpate mtu sahihi, kisha andika

Tawi ulilochukulia mkopo mara nyingi halina tena mamlaka juu ya faili lako. Likishahamishiwa kitengo cha madeni sugu, meneja wa tawi aliyekuwa rafiki yako hawezi kukusaidia zaidi ya kukupa jina. Mwombe jina hilo, barua pepe, na namba ya kumbukumbu ya faili.

Barua yako ya kwanza iwe fupi. Kwa kuwa mafaili ya benki huandikwa Kiingereza, mwachie wakili aiweke katika lugha hiyo, lakini kiini chake kiwe hiki:

> *Bila kuathiri haki za upande wowote.*
>
> *Ninakiri kuwa mkopo huu umelimbikiza malipo na kuwa kipato changu cha sasa hakiwezi kuurudisha sawa. Ninaomba ridhaa ya benki niiuze nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, na fedha zote baada ya gharama zilizoorodheshwa ziingie kwenye akaunti ya mkopo.*
>
> *Naambatanisha ripoti ya uthamini, hesabu ya ulinganisho na mnada, na ushahidi wa hali yangu ya kifedha. Naomba siku 90 za kuleta mnunuzi, na hatua za kuuza zisitishwe kwa muda huo. Katika kipindi hicho nitalipa shilingi … kila mwezi, na nitatoa taarifa ya maandishi kila baada ya wiki 2.*

Yale maneno ya juu kabisa yana kazi: yanasaidia kuzuia ulichopendekeza kwenye mazungumzo kisigeuzwe ushahidi dhidi yako mambo yakiharibika. Na ile ahadi ya malipo ya kila mwezi, hata kama ni ndogo, ndiyo inayompa afisa sababu ya kulisimamisha faili. Usiahidi kiasi usichoweza. Kuvunja ahadi ya kwanza kunaua pendekezo zima.

Peleka nakala kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nyingine kwa barua pepe. Ukipigiwa simu, andika baadaye barua pepe ya mistari miwili: tumezungumza leo, umesema hivi, nimekubali hivi.

Utajua umefaulu ukipata jibu la maandishi, hata likiwa la masharti. "Leta ofa ya mnunuzi tuione" ni jibu zuri.

## Hatua ya 6: Tafuta mnunuzi anayeweza kumaliza

Mnunuzi wa bei kubwa asiyemaliza ni hasara kuliko wa bei ya wastani mwenye fedha tayari. Siku zako zimehesabiwa, na benki haitakusubiri mara mbili.

Mwambie ukweli tangu mwanzo kwamba nyumba ina rehani. Ataiona kwenye utafutaji wa umiliki hata hivyo, na akiigundua mwenyewe atakimbia au atashusha bei. Mweleze pia faida yake: benki yenyewe inaidhinisha mauzo, na pesa yake haipitii mkononi mwako.

Mwombe ofa ya maandishi yenye bei, chanzo cha fedha na muda wa kukamilisha, pamoja na uthibitisho: taarifa ya akaunti, au barua ya benki yake kama anachukua mkopo. Mnunuzi wa mkopo anafaa, ila ongeza wiki kadhaa kwenye ratiba, kwa sababu benki mbili zitalazimika kuaminiana kupitia mawakili wao.

Onyo. Usimuuzie ndugu au rafiki kwa bei ya chini kwa matumaini kwamba atakurudishia nyumba baadaye. Benki ikigundua, na hukagua, makubaliano yanavunjika. Ndugu akitaka kununua kwa bei ya soko si kosa. Taja uhusiano wenu kwenye barua.

Jihadhari pia na watu wanaojitokeza mara tu jina lako likionekana kwenye tangazo la mnada: wanaodai wana "mtu wao" benki wa kusimamisha mnada kwa malipo ya awali, au wanaotaka utie sahihi hati ya uhamisho kwanza kisha walipe deni baadaye. Sahihi ikishatoka mkononi mwako, huna silaha tena.

## Hatua ya 7: Jadili pengo

Sasa una ofa ya milioni 8 na pengo la 1,575,000. Mazungumzo halisi yanaanzia hapa, na mara nyingi yanaanza hivi:

"Mama, leta 9.2 yote, ama tuendelee na dalali."

"Nimekuelewa, bwana. Kwa dalali mtapata kama 5.9. Mimi nawaletea 7.6 ndani ya siku 90, na mnunuzi barua yake ya benki hii hapa. Naomba tuzungumzie hiyo 1.575 inayobaki, kwa sababu kwa dalali mngebaki mkinidai 3.3 na sina pa kuitoa."

Nyamaza baada ya hapo. Umempa namba, mwache azipeleke.

Gawanya pengo kwa aina yake unapoomba. Benki husamehe adhabu kwa urahisi kuliko riba, na riba kwa urahisi kuliko deni la msingi. Kwa hiyo usiombe "mnisamehe milioni moja na nusu". Omba adhabu zote ziondolewe, kisha sehemu ya riba, na uonyeshe kwenye taarifa ya akaunti kila kiasi kiko wapi. Makosa uliyoyapata kwenye hatua ya 2 yaweke mezani hapa.

Katika mfano wetu, pendekezo linaloweza kukubalika ni hili: benki isamehe 975,000 iliyo adhabu na riba, na wewe ulipe 600,000 kwa miezi 24, shilingi 25,000 kila mwezi, bila riba mpya. Kama una mkupuo mdogo, tuseme akiba ya sacco au mchango wa familia, uutoe hapa, usiutoe mapema. Laki 3 taslimu siku ya kukamilisha mara nyingi inanunua msamaha mkubwa kuliko laki 6 za kidogo kidogo.

Mambo mawili nayakataza bila kusita. Usikubali kuweka shamba la familia au mali nyingine kuwa dhamana ya pengo. Umeshapoteza nyumba moja. Usifungue mlango wa pili. Na usitie sahihi barua ya kukiri deni lote kama sharti la "kuanza mazungumzo" kabla hujaikagua hesabu, kwani huko ni kuitupa hoja yako yote ya riba.

Ukikataliwa, uliza kwa maandishi ni nini kimekataliwa: bei, muda au pengo. Kila kimoja kina dawa yake. Bei ikikataliwa, omba benki itume mthamini wake. Muda ukikataliwa, ongeza malipo ya mwezi. Pengo likikataliwa, rudi na mpangilio mwingine wa malipo. Ukiona unazungushwa, peleka malalamiko rasmi kwa uongozi wa benki, kisha kwa Benki Kuu ya Kenya. Kama mnada umekaribia na notisi zina kasoro, wakili anaweza kuomba nafuu mahakamani chini ya kifungu cha 103 cha Sheria ya Ardhi.

## Hatua ya 8: Soma barua ya ridhaa neno kwa neno

Barua imefika na familia inashangilia. Subiri. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Ardhi kinaipa rehani nguvu ya kuzuia uhamisho kusajiliwa bila ridhaa ya maandishi ya benki pale hati ya rehani inaposema hivyo, na karibu zote husema hivyo. Barua hii basi ndiyo ufunguo, na ufunguo usio na meno yote hautafungua.

Ihakikishe inasema:

1. Bei ya chini inayokubalika, na gharama zipi zitatolewa kwenye bei hiyo, pamoja na kodi.
2. Kiasi kamili kitakachoifanya benki ifute rehani, na tarehe ambayo kiasi hicho kinabaki halali bila kuongezeka.
3. Kiasi kinachosamehewa, kwa tarakimu.
4. Kiasi kinachobaki kulipwa, ratiba yake, na kwamba hakina riba.
5. Kwamba malipo hayo ni malipo kamili na ya mwisho ya deni lote, na benki haitakudai tena wewe wala wadhamini wako.
6. Kwamba hakuna deni lako lingine litakalozuia kufutwa kwa rehani.
7. Kwamba mnada umesitishwa hadi tarehe ya kukamilisha.
8. Benki itatoa hati ya kufuta rehani na hatimiliki ndani ya siku ngapi.
9. Taarifa zako zitaandikwaje kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo (CRB).

Namba 5 ndiyo inayokosekana mara nyingi. Barua inaweza kusema benki "inaridhia mauzo" na isiseme lolote kuhusu kinachobaki. Hapo utahama nyumba, utakaa mwaka, kisha utapokea madai ya 1,575,000 pamoja na riba yake. Kufutwa kwa rehani hakufuti deni. Linageuka tu kuwa deni lisilo na dhamana, na benki inaweza kukushtaki kwa ajili yake. Kama maneno hayo hayapo, rudisha barua irekebishwe kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Neno la afisa kwenye WhatsApp si ridhaa. Barua iwe na kichwa cha benki na sahihi za wenye mamlaka.

## Hatua ya 9: Mkataba, fedha na usajili

Mpangilio ni muhimu, kwa hiyo ufuate hivi.

Kwanza mkataba wa mauzo. Lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe, na uitaje barua ya ridhaa kama sharti la mauzo. Mwenzi wako atoe idhini ya maandishi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Ardhi ya kilimo inahitaji pia kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Pili amana, kwa kawaida asilimia 10. Ishikwe na mawakili au iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo kama barua inavyosema. Isipitie kwenye akaunti yako, hata kwa siku moja, hata kama ada ya shule imefika. Ukiitumia na mauzo yakavunjika, utakuwa na wadai wawili.

Tatu vibali: cheti cha kutodaiwa ada na kaunti, cheti cha kodi ya ardhi na ridhaa ya uhamisho kwa ardhi ya kukodishwa, na barua ya kampuni ya usimamizi kwa fleti. Anza kuvitafuta siku ile ile mkataba unapotiwa sahihi, kwa kuwa hivi ndivyo vinavyochelewesha watu.

Nne ahadi ya kitaalamu. Wakili wa mnunuzi, au wa benki inayomkopesha, anaahidi kwa maandishi kuilipa benki yako kiasi kilichokubaliwa hati zikisajiliwa. Ahadi ya wakili ina nguvu. Akiivunja, mahakama inaweza kumlazimisha aitekeleze. Kwa msingi wa ahadi hiyo benki yako inaachilia hatimiliki na hati ya kufuta rehani.

Tano ushuru wa stempu, usajili wa kufutwa kwa rehani na wa uhamisho, kisha fedha kulipwa.

Utajua umefaulu utafutaji mpya wa umiliki ukionyesha jina la mnunuzi bila rehani yako, na taarifa ya akaunti ya mkopo ikionyesha fedha zimeingia kwa kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye barua.

## Hatua ya 10: Baada ya kukabidhi funguo

Kubaliana na mnunuzi tarehe ya kuhama ndani ya mkataba, ili usikimbizwe siku ya malipo. Wiki 2 baada ya kukamilisha ni ombi la kawaida.

Kama kuna malipo ya kila mwezi yaliyobaki, weka agizo la kudumu benki. Masharti mengi ya msamaha hufa ukikosa awamu moja, na deni lote hurudi. Kama awamu zinaweza kukushinda miezi fulani, omba kabla ya kutia sahihi kipengele cha kukupa siku 30 za kurekebisha.

Ukimaliza, dai barua ya benki inayosema akaunti imefungwa na salio ni sifuri. Kisha omba ripoti yako ya mikopo. Una haki ya kuipata bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Historia ya kuchelewa kulipa hubaki miaka 5 tangu deni limalizwe, lakini akaunti yenyewe inapaswa kuonyesha limelipwa. Ikiwa bado inaonyesha unadaiwa, peleka barua ya kufungwa kwa akaunti kwenye ofisi hiyo ya kumbukumbu na kwa benki, na udai irekebishwe kwa maandishi. Wadhamini wako nao wakague ripoti zao.